Mashine iliyoanza kupiga watu baada ya sakafu mpya: kisa cha waya wa ardhi juu ya lava ya Goma

Mashine hii ya kusaga mahindi na mihogo mikavu imefungwa katika mtaa mmoja wa Goma uliofunikwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo, ikapita katikati ya mji na kuishia ziwani. Kwa miaka minne ilikuwa imesaga bila kumdhuru mtu. Jengo lake ni la mbao, kama majengo mengi yaliyoinuliwa upya juu ya mawe yale, na sakafu yake ya kwanza nayo ilikuwa ya mbao zilizopangwa juu ya lava iliyosawazishwa kwa nyundo. Mwezi wa Februari mwenye mashine, mama anayeijua biashara yake hadi gramu ya mwisho ya unga, aliondoa mbao hizo akamwaga zege lenye wavu wa nondo, kwa sababu panya na unyevu vilikuwa vimemchosha. Mashine yenyewe iliachwa mahali pake, juu ya magogo mawili ya mkaratusi yaliyofungiwa boliti.

Wiki ya tatu ya Machi, asubuhi ya mvua, mteja mmoja aliyefika nyuma ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyobeba magunia yake aliweka mkono juu ya mdomo wa mashine ili aangalie mahindi yake yanavyoshuka. Viatu vyake vilikuwa vimelowa na sakafu ilikuwa imelowa. Alitupwa nyuma, akaanguka juu ya gunia, na mkono wake ukabaki na ganzi hadi jioni. Siku mbili baadaye kijana anayehudumia mashine alipigwa pia, kwa nguvu ndogo zaidi, na ndipo nilipoitwa.

Mama mwenye mashine alikuwa tayari na hukumu yake. Alinipokea mlangoni akaniambia: "Papa fundi, umeme wao ni mubaya. Ya grupu haipigake mutu." Maana yake ni kwamba walipotumia jenereta hakuna aliyepigwa, kwa hiyo kosa lilikuwa la umeme wa laini, yaani wa nguzo. Nimesikia neno hilo mara nyingi katika mji huu, na kwa kawaida msemaji hana kosa katika alichokiona. Kosa liko katika maana anayoipa. Nililiandika kwenye daftari kabla ya kugusa kitu chochote, kwa sababu lilikuwa dalili bora kuliko zote nilizopewa siku ile.

Vipimo vya kwanza nilivifanya umeme ukiwa unapita, bila kufungua kitu. Niliweka bamba la chuma chini ya gunia lililolowa juu ya sakafu, nikaunganisha nalo waya mmoja wa multimeta, na waya wa pili nikaugusisha kwenye mwili wa mota, mahali nilipokuwa nimekwangua rangi. Mashine ikiwa imesimama, multimeta ilionyesha sifuri. Kijana alipobonyeza kitufe cha kuwasha, ilipanda hadi volti 216, ikashuka, ikarudi, ikitetemeka pamoja na mashine yenyewe, wakati ambapo umeme wa laini kati ya faze, waya unaoleta umeme, na netro, waya wa kuurudisha, ulikuwa volti 224. Hapo mambo mawili yalijulikana. Kwanza, hitilafu iko mbele ya kontakta, zile swichi za sumaku zinazowasha mota, yaani upande wa mota, kwa kuwa kontakta zikifunguka mwili wa mashine unatulia. Pili, hitilafu hiyo inategemea mtikisiko, kwa hiyo ni waya unaogusa na kuachia, wala si koili ya mota iliyoungua.

Swali lililobaki lilikuwa zito zaidi. Mwili wa mota ulikuwa na waya wa kijani na njano ulioshuka hadi ardhini, na kofre, yaani sanduku la swichi, ilikuwa na disjonkta nzuri ya ampea 40, swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Iweje mashine yenye tere, yaani waya huo wa ardhi, na disjonkta ikae na volti 216 kwenye chuma chake bila kitu chochote kuruka?

Kabla ya kufungua kofre niliuliza umeme unaingia humo kwa njia ngapi. Nilijibiwa ni moja. Nilipozunguka nyuma ya jengo nikakuta mbili: laini, na kebo ya jenereta iliyopitishwa chini ya bati hadi kwenye swichi ya kubadilisha. Katika mji ambao kila karakana ina jenereta ya akiba, fundi anayezima disjonkta ya laini peke yake na kuanza kushika waya anaweka uhai wake mikononi mwa kijana yeyote atakayevuta kamba ya jenereta kwa kudhani umeme umekatika. Niliweka swichi ya kubadilisha katikati, nikaifunga kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni mwangu, nikatundika kipande cha karatasi kilichoandikwa kwamba kuna mtu kazini. Kisha nikapima kwa multimeta ileile ambayo dakika moja kabla niliijaribu kwenye sehemu yenye umeme, na baada ya kupima nikairudisha kuijaribu tena, maana kipimo kilichokufa huonyesha sifuri hata mbele ya volti 400.

Chanzo cha hitilafu kilipatikana haraka. Kibao cha mota kinasomeka hivi: kilowati 15, volti 400 kwa 690, ampea 29 kwa 16.8, mizunguko 1460 kwa dakika. Nilitenganisha kebo na mota, nikapima mota kwa kipimo cha uhami, yaani cha jinsi ngozi ya waya inavyozuia umeme, cha volti 500, nikapata megaomu 38 kati ya koili na mwili, wakati chini ya megaomu moja ndipo ningeanza kuikataa. Mota ilikuwa nzima. Kebo ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Kisanduku cha vituo vya mota kilikuwa kimetobolewa kwa patasi ili kebo nene ipite, ukingo wa tundu ukiwa mkali kama kifuniko cha kopo, na badala ya kibano cha kebo fundi aliyetangulia alikuwa amezungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Miaka minne ya mtikisiko iliula mpira ule, kisha ngozi ya nje ya kebo, kisha ngozi ya waya mmoja. Shaba iliyokuwa wazi haikuzidi urefu wa punje moja ya hindi. Nilipoitikisa kebo kwa mkono huku kipimo kikiwa kimeunganishwa, namba ilidondoka kutoka megaomu kadhaa hadi sifuri na kurudi.

Mafundi wengi wangeishia hapo: kufunga utepe, kuweka kibano, kupokea malipo. Lakini kebo iliyochubuka ni jambo la kawaida kwenye mashine inayotikisika, na mfumo mzima wa ulinzi umewekwa kwa ajili ya siku ambayo jambo hilo la kawaida litatokea. Kilichopaswa kuchunguzwa ni kwa nini ulinzi ulinyamaza.

Nilifuata waya wa ardhi. Ulikuwa wa milimita mraba 2.5, wakati waya za faze zilikuwa za 10; kwa ukubwa huo wa faze, waya wa ardhi unapaswa kulingana nazo, yaani 10. Kiatu chake, yaani kipande cha chuma cha kuufungia mwishoni, kilikuwa kimekazwa juu ya rangi ya mota, hivyo kilishika chuma kwa bahati ya mikwaruzo ya nati tu. Nje, waya uliishia kwenye kigingi cha shaba ambacho, kwa kuwa lava haipenyeki, kilikuwa kimelazwa ndani ya ufa wa mwamba na kufukiwa kwa kokoto nyeusi na makala, yaani mkaa, pamoja na chumvi ambayo mvua ilikwishaipeleka mbali.

Mtu ambaye hajawahi kuchimba Goma ni vigumu kuamini jinsi ardhi yake ilivyo duni kwa kazi hii. Umeme haupiti katika jiwe la basalti. Unapita katika unyevu na madini yaliyoyeyuka ndani ya unyevu huo. Lava ya juu ina matundu kama sifongo na nyufa nyingi, maji hupenya yakashuka chini mara moja, na juu yake udongo haujapata muda wa kutosha kujijenga. Kwa hesabu ya haraka ya mafundi, upinzani wa kigingi kilichosimama ni upinzani wa ardhi ukigawanywa kwa urefu wa kigingi. Katika udongo wa mfinyanzi wenye omu-mita 50, kigingi cha mita moja na nusu kitatoa kama omu 33. Katika mwamba wenye omu-mita 3,000, kigingi hichohicho, kikikubali kuingia, kitatoa omu 2,000. Fundi aliyejifunza kazi mahali penye udongo mwekundu mzito akija hapa na mazoea yake, anafunga pambo la shaba.

Kukipima kigingi kile pia kulikuwa kazi. Kipimo cha ardhi kinahitaji vigingi viwili vya msaada vilivyosimikwa mbali, na hapakuwa na pa kuvisimika. Njia tunayotumia ni kulaza kila kimoja juu ya mwamba ndani ya magunia mawili yaliyolowa, na kuongeza maji kila namba inapoanza kuyumba. Majirani walisimama kututazama tukinywesha mawe. Kigingi kilitoa omu 410, na hiyo ilikuwa katikati ya majira ya mvua, wakati ambapo ardhi iko katika hali yake bora. Kipimo cha kitanzi kizima, kutoka kwenye waya wa ardhi wa mashine kupitia ardhini hadi netro ya transfoma na kurudi kwa faze, kilitoa omu 425.

Sasa hesabu inajieleza yenyewe. Volti 224 zikigawanywa kwa omu 425 zinatoa ampea 0.53. Disjonkta ya ampea 40 ikipitiwa na nusu ampea ya hitilafu haiwezi kujua kwamba kuna jambo lolote. Taa chache za nyumbani zinavuta zaidi ya hapo. Na ampea hizo 0.53 zikipita katika omu 410 za kigingi zinaacha volti 216 kwenye chuma cha mashine, namba ileile niliyoisoma sakafuni. Waya wa ardhi ulikuwepo, ulikuwa na rangi yake halali, na kwa mtu anayeshika mdomo wa mashine ulikuwa sawa na haupo.

Hapa kuna kutoelewana kunakorudi mara kwa mara hata kwa mafundi wazoefu. Wengi wanafikiri ardhi inameza umeme, kana kwamba ni shimo la kumwagia maji machafu. Umeme wa transfoma hauna haja na ardhi; unatafuta kurudi kwenye netro ya transfoma iliyoutoa, na ardhi ni barabara tu ya kurudia. Barabara ikiwa mbaya, wanaorudi ni wachache, na disjonkta inayosubiri umati haitastuka.

Kauli ya mama kuhusu jenereta ikaeleweka mara moja. Netro ya jenereta yake haikuwa imeunganishwa na ardhi mahali popote. Waya uliochubuka ulipogusa mwili wa mota, umeme wa jenereta haukuwa na njia ya kurudi kupitia sakafu na mwili wa mtu, kwa hiyo hakuna aliyepigwa. Hitilafu ilikuwepo siku zote mbili, ya laini na ya jenereta. Hali hiyo ya pili inaonekana salama, ila ni usalama wa hitilafu ya kwanza tu: faze nyingine ikichubuka na kugusa chuma cha kifaa kingine, mtu atakayeshika vyuma viwili kwa pamoja atakutana na volti 400.

Sakafu ya mbao nayo ilikuwa imefanya kazi ya kuficha. Mtu aliyevaa kandambili juu ya mbao kavu yuko mbali sana na ardhi kwa hesabu ya umeme, na kijana alikiri kwamba hata mwaka uliopita alikuwa akisikia mchonyoto mdogo vidoleni siku za mvua. Zege jipya lilikuwa na unyevu, lilikuwa na nondo ndani yake, na lilikaa moja kwa moja juu ya mwamba. Mtu aliyelowa akisimama juu yake, upinzani wa mwili pamoja na viatu unaweza kushuka hadi omu elfu mbili hivi, na volti 216 zinasukuma zaidi ya miliampea 100 kupitia kifua. Kwa kumbukumbu, kwenye miliampea 10 hivi mkono huanza kushindwa kuachia, na kuanzia miliampea 30 pumzi na moyo huingia hatarini kadiri muda unavyozidi. Mteja yule aliokolewa na kwamba aliweka kiganja wazi juu ya chuma bila kukikamata kwa vidole.

Nilipouliza kama kofre iliwahi kuwa na diferansieli, yaani kile kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kukata tofauti inapotokea, kijana alikwenda pembeni akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani, katikati ya misumari na mikanda iliyokatika, ilikuwemo diferansieli ya miliampea 300, nzima kabisa. Iliondolewa miezi michache baada ya mashine kufungwa kwa sababu "ilikuwa inaruka bure". Siku nyingine iliruka wakati wa kuwasha, siku nyingine haikuruka, na wateja walikuwa wakisubiri. Fundi aliyeitwa aliiondoa akaunganisha waya moja kwa moja.

Neno "bure" lilinisumbua, kwa kuwa kifaa hiki hakina tabia ya kuruka bure. Nilirudi kwenye kofre na kufuata waya mmoja mmoja. Mota inawashwa kwa nyota kisha pembetatu, yaani koili zake zinaungwa kwanza kwa namna ya kuanza polepole kisha kwa nguvu kamili, kwa kontakta tatu na saa ya kubadilishia, na koili za kontakta zinatumia volti 230. Faze ya kuzilisha koili ilikuwa imechukuliwa chini ya mahali ilipokuwa diferansieli, lakini netro yake ilichukuliwa juu, kwenye baa ya kuingilia, labda kwa sababu ndipo boliti ilipokuwa na nafasi. Maana yake ni kwamba umeme wa koili ulitoka kupitia diferansieli na kurudi kwa mlango mwingine, na kifaa kiliuhesabu kama umeme uliopotea. Kontakta ya ukubwa huo ikishika inavuta takribani volti-ampea (VA) 70 kwa muda mfupi sana, sawa na miliampea 300; ikishashika inashuka hadi VA 8 hivi, yaani miliampea 35. Wakati wa kuwasha, kontakta mbili zinashika karibu pamoja, tofauti inaruka hadi miliampea 600 kwa sehemu ndogo ya sekunde, na diferansieli ya 300 siku nyingine inawahi kuiona na siku nyingine haiwahi. Ilikuwa inasema kweli kuhusu waya mmoja uliowekwa mahali si pake. Badala ya kusikilizwa, mlinzi aliondolewa.

Kabla sijamaliza, fundi mwingine wa mtaa alipita, mtu ninayemheshimu, akashauri tuunganishe mwili wa mota na netro ndani ya kofre ili disjonkta iruke. Ni kweli ingeruka, kwa kuwa umeme wa hitilafu ungepata waya wa shaba wa kurudia badala ya mwamba. Nilimkatalia kwa sababu mtandao wetu umepangwa kila mteja awe na ardhi yake, na netro inamfikia kwa waya wa hewani unaopita nguzo nyingi. Siku netro hiyo ikikatika kwa upepo au kwa lori lililobeba mzigo mrefu, kila chuma kilichofungwa nayo kitapanda hadi volti za faze kupitia taa na vifaa vilivyowashwa, mashine ikiwa nzima bila waya wowote kuchubuka. Shauri la pili, la kuongeza chumvi na makala kila mwaka, nililipokea kwa adabu. Chumvi husaidia kwa majira mamoja, kisha mvua inaipeleka na shaba inabaki na kutu.

Suluhisho lilikuwa limelala chini ya miguu yetu. Zege linashika unyevu hata mahali ambapo mwamba umekauka, na nondo zilizomo ndani yake zinagusa eneo kubwa kuliko kigingi chochote. Jambo hili lilitumiwa na Mmarekani Herbert Ufer wakati wa vita vya pili vya dunia, kwenye maghala ya mabomu ya jeshi katika jangwa la Arizona, ambako vigingi vya kawaida havikufaa kwa sababu ya ukavu. Alitumia nondo za misingi ya zege kama ardhi. Lava ya Goma si jangwa, lakini tatizo ni ndugu wa lile. Kama wangeniita siku moja kabla ya zege kumwagwa, kazi ingekuwa kufunga vibano viwili kwenye wavu na kuacha ncha ya shaba ikitokeza ukutani, kazi ya nusu saa. Sasa ilitubidi kuvunja pembe mbili za sakafu mpya, na mama alisimama juu yetu wakati wote, akitazama kila pigo la patasi kama linapigwa kwenye mfuko wake.

Tulipofikia wavu tulikwangua kutu, tukafunga vibano kwa waya wa shaba wa milimita mraba 25, tukauleta kwenye baa moja ya ardhi, kipande kinachokusanya waya zote za ardhi, ndani ya kofre, kisha tukafunika viungo kwa zege. Wavu peke yake ulipimwa omu 96. Nyuma ya jengo kuna kibustani cha lengalenga, yaani mchicha, ambacho udongo wake uliletwa kwa magunia. Tulipitisha humo shaba tupu na kuzunguka ukuta wa nje, tukaiunganisha na baa ileile, na namba ikashuka hadi omu 61. Kigingi cha zamani kiliachwa, nacho kikafungwa kwenye baa hiyohiyo. Kamwe usiipe mashine moja ardhi yake na kofre ardhi nyingine. Vyuma viwili vinavyofikiwa na mikono ya mtu mmoja lazima viwe na ardhi moja.

Omu 61 bado ni nyingi mno kwa disjonkta. Zinatoa ampea tatu hivi, na mashine ingeendelea kukaa na umeme. Kwa hiyo uhai wa mtu unashikwa na diferansieli, na ardhi inachotakiwa kufanya ni kuhakikisha kwamba volti kwenye chuma haziwezi kubaki juu ya 50 bila kifaa kukata. Kipimo chake ni kuzidisha omu za ardhi kwa ampea za diferansieli: 61 mara 0.3 ni volti 18. Kwa kigingi cha zamani, 410 mara 0.3 zingekuwa volti 123, hivyo hata diferansieli ile iliyokuwa kwenye kopo isingetosha peke yake. Wavu ulileta faida nyingine ambayo ninaiona kubwa kuliko omu zake: kwa kuwa nondo za sakafu na mwili wa mashine sasa vimefungwa pamoja, hitilafu ikitokea sakafu inapanda pamoja na mashine, na mtu aliyesimama kati yake hapati tofauti kubwa ya volti kati ya mkono na mguu.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono. Kebo ilibadilishwa ikawa ya nyaya saba, sita za koili za mota na mmoja wa ardhi wenye ukubwa sawa na faze. Tundu la kisanduku likasuguliwa kwa tupa na kufungwa kibano kinachoshika ngozi ya nje. Rangi ilikwanguliwa chini ya kila kiatu cha ardhi, mlango wa kofre ukafungwa kwa waya laini wa kusuka kwa sababu bawaba zilizojaa unga hazipitishi umeme wa kuaminika. Netro ya koili ilihamishiwa chini ya diferansieli. Diferansieli ya miliampea 300 ilirudi kazini kwa mota, na ya miliampea 30 ikawekwa kwa taa na soketi, ambako watu huchomeka simu. Netro ya jenereta iliunganishwa na baa ya ardhi kwenye jenereta yenyewe, ili diferansieli iweze kuona hitilafu hata umeme wa laini unapokosekana.

Katika kupekua nilikuta na jambo ambalo halikuwa na uhusiano na mapigo, ila lingeiua mota siku moja. Rele ya joto, kifaa kinachokata mota ikilemewa, ilikuwa imefungwa ndani ya pembetatu, baada ya kontakta kuu, lakini imewekwa kwenye ampea 29. Mahali pale inapitiwa na umeme wa koili moja tu, ambao ni 0.58 ya umeme wa laini, yaani ampea 16.8, namba iliyoandikwa kwenye kibao cha mota yenyewe. Ikiwa kwenye 29, mota ingeweza kubeba karibu maradufu ya mzigo wake bila rele kusema neno, na wasagaji wa mihogo yenye unyevu wanajua jinsi mashine inavyolemewa. Niliirudisha kwenye 17.

Kabla ya kumkabidhi mama, nilipima uhami wa kebo mpya, mwendelezo wa waya wa ardhi kutoka kila chuma hadi baa, na muda wa diferansieli kukata ikipewa miliampea 300: milisekunde 41, wakati kikomo ni 300. Tuliwasha mashine mara kumi mfululizo, kwa laini na kwa jenereta, na haikuruka hata mara moja. Mama alihesabu mwenyewe kwa vidole. Nilimwonyesha kitufe cha majaribio, cha kubonyezwa kila mwezi, na nikamweleza pia kwamba kitufe hicho kinajaribu kifaa chenyewe tu. Hakisemi lolote kuhusu ardhi, na kingefanya kazi vizuri hata kama waya wote wa shaba ungekuwa umeibiwa usiku.

Kwa sababu hiyo nilirudi Agosti, kiangazi kikiwa kimekaza, lengalenga zimenyauka na mawe ya uani yamepauka kwa vumbi. Tulilowesha magunia yetu upya na kupima: omu 88, sawa na volti 26 kwa diferansieli ya 300. Nyuma ya mlango wa kofre, chini ya mchoro wa waya, kijana aliongeza mstari wake kwa kalamu: "Aprili 61, Agosti 88", kisha akaenda kumpimia mteja mahindi.